Shamba Halipo

Bi Namkunda alilitukana lango tangu alfajiri mpaka matusi yakamwishia. Ndipo alipong'oa mche mmoja wa tangawizi, akaufunga kwenye pindo la kanga, akashuka mlima kwenda ofisi ya kurasa ya Bonde la Nkwini.

Nakijwa, mkuu wa kurasa, alimwona dirishani akivuka uwanja. Nani asingemjua? Alikuwa mjane wa Mzee Kiondo, aliyezikwa majuzi tu, na kitambaa cheusi kilikuwa bado kichwani. Kwanza alisimama mbele ya Ukuta, ile skrini kubwa inayotazama uwanja, akaupekua kwa macho kama mtu anayemtafuta mwanawe kwenye picha ya shule. Kisha akaingia bila hodi.

"Shikamoo, mama," alisema Nakijwa, akisimama.

"Marahaba. Nimekufa?"

"Mama?"

"Nakuuliza wewe mwenye ukurasa. Nimekufa au sijafa?"

"Uko hai, mama. Nani kasema umekufa?"

"Yule msichana wa bati aliyemo langoni. Nimeweka kiganja, nimetaja shamba, Mwanya wa Juu, zamu ya asubuhi. Ananijibu kwa sauti yake ya mjini: 'Shamba halipo.' Nikamwambia, wewe binti, shamba hili lilikuwepo kabla mama yako hajavunja ungo. 'Shamba halipo.' Na mimi nimesimama humo humo shambani! Tazama miguu yangu. Udongo huu nimeuokota wapi, angani?"

Alifungua pindo, akauweka mche mezani. Majani yake yalikuwa yamejikunja na ncha zimegeuka manjano.

"Hii ni mbegu ya marehemu. Aliichagua mwenyewe kipande kwa kipande, mwaka hadi mwaka, mpaka akapata tangawizi inayovumilia ukungu wetu. Haiuzwi mnadani, mwanangu. Iko kwangu tu. Nayo ni changa, haijui kama kuna msiba. Zamu ya kesho ikipita kavu kama ya leo na ya jana, sina mbegu, na kazi ya Kiondo imekwisha kama vile hakuzaliwa."

Nakijwa aliuvuta ukurasa kwenye skrini ya mezani. Alipita shamba kwa shamba, akaruka lile fungu la mashamba ya ukoo wake kama alivyoliruka siku zote, akafika mashamba ya juu. Mwanya wa Juu haukuwepo. Wala hapakuwa na pengo, na hilo ndilo lililomtia baridi. Mistari ilikuwa imesogeleana na kuziba nafasi, kama watu kwenye benchi mmoja wao anapoinuka.

Sheria ya Nkwini ilikuwa fupi: kisicho kwenye ukurasa hakipo. Haikutungwa kwa majivuno. Katika miaka ya ukame mkubwa, kila mwenye nguvu alikuwa na jedwali lake la zamu kwenye simu yake, na watu walikatana mapanga langoni kila mmoja akiapa kwamba la kwake ndilo la kweli. Ikaamuliwa uwepo ukurasa mmoja tu, msafi, ulio Ukutani, ambao bibi kizee, polisi na lango la ndiva watausoma na kuona jambo lile lile. Ndiva ni bwawa la zamu, urithi wa mababu. Siku hizi lilijazwa na nyavu za ukungu zilizotandazwa mgongoni mwa mlima, na malango yalijifungua yenyewe kwa kuusoma ukurasa kila jua lilipogusa kilele.

Na ilikuwepo sheria ya pili: mkono unaoandika jedwali usichuje ukurasa. Aliyeandika alikuwa Mzee Mbazi, katibu wa zamu, ndani ya chumba kinachofunguka kwa kiganja chake peke yake. Aliyechuja alikuwa Nakijwa. Hakuwahi kuliona jedwali, na mzee hakuwahi kuigusa mashine ya kuchujia. Hivyo hakuna mtu mmoja ambaye angeweza kuiba.

Watu wawili, je?

"Ni wewe tu, mama, au wapo wengine?"

"Yuko mwenzangu wa Jiwe la Nyuki. Lango lilianza kumkataa tangu alipomzika mumewe. Anaona haya kuja. Anasema labda ndiyo sheria mpya, ukifiwa unyimwe na maji."

 Mwizi mwenye akili, alifikiri Nakijwa, huanza na wafiwa, maana mfiwa hana nguvu za kugombana. Na zamu isiyo na mwenyewe haipotei. Kwa kanuni ya lango, maji yake humwagikia shamba linalofuata kwa chini. Chini ya Mwanya wa Juu na chini ya Jiwe la Nyuki palikuwa na shamba moja refu la maparachichi, bichi kama zulia, na lilikuwa la shemeji wa Lukindo.

Lukindo ndiye aliyewauzia mashine.

*

Alifika kabla ya adhuhuri kwa pikipiki yake ya umeme, viatu vinang'aa, tumbo limetangulia.

"Dada mkuu! Umeniita, nimekuja. Chekeche linaumwa?"

"Linaiba."

Lukindo alicheka. "Chekeche haliwezi kuiba, dada. Halina tumbo."

"Wewe unalo. Na shemeji yako wa maparachichi analo."

Kicheko kilikatika. Alivuta kiti, akakaa mbele ya mashine, akaanza kazi bila mzaha. Nakijwa alisimama nyuma yake, macho kwenye vidole vyake, asije akafuta kitu.

Chekeche lilikuwa sanduku la kijivu lisilozidi ukubwa wa kapu la mayai, na kabla halijaja, maisha yalikuwa mateso. Jedwali la Mzee Mbazi lilikuwa limepambwa kama bibi harusi. Kila ukoo na rangi yake, majina yameunganishwa juu ya mashamba kadhaa, maelezo pembeni. Kwa jicho la mtu lilipendeza. Lakini ukiligeuza kuwa ukurasa, kila kisanduku kilibeba mizigo yake yote, rangi, mipaka na ukubwa wa herufi, mpaka ukurasa wa bonde dogo ukawa mzito kuliko kitabu. Malango, ambayo akili yao ni ya kuku, yakapaliwa. Tarehe ziligeuka tarakimu zisizo na maana. Shamba lenye sifuri mbele ya namba yake liliipoteza sifuri, likawa shamba la mtu mwingine. Jina lililounganishwa juu ya mashamba manne lilibaki kwa shamba la kwanza, na mengine matatu yakawa yatima. Chekeche ndilo lililokomesha hayo. Lilikung'uta mapambo, likampa kila yatima jina lake, likabakiza mashamba, majina na zamu. Malango yakasoma bila kukwama, na Nakijwa alipewa cheti kwa kazi hiyo. Kilikuwa kimetundikwa pale pale juu ya vichwa vyao.

"Huwa linakumbuka lilichokiacha," alisema Lukindo. Aliuliza kwa maandishi, na Chekeche likajibu kwa maandishi: *Vilivyofichwa havikuchukuliwa.*

"Vilivyofichwa vipi?"

"Mwenye jedwali anaweza kuukunja mstari usionekane. Haujafutwa. Umo, kama nguo chini ya sanduku. Sasa waliotengeneza Chekeche ni watu wa mjini. Waliona kwamba mtu akificha kitu ni kwa sababu hataki kionekane, basi Chekeche lisikitoe Ukutani. Wewe ungewalaumu?"

"Kwa hiyo mtu ameificha mistari ya wafiwa."

"Si mimi. Mimi sina kiganja cha kufungua kile chumba." Sauti yake ilikuwa imepata raha ghafla. "Kikulacho ki nguoni mwako, dada mkuu."

Nakijwa hakupenda raha ile. "Chekeche haliwezi kulazimishwa?"

"Linaweza." Alimwonyesha kitufe. "Hapa linaacha vyote vilivyofichwa. Ukigeuza, linatoa vyote."

"Vyote?"

"Vyote. Mistari na safu. Halijui kuchagua." Alikuna shingo. "Bonde la pili walibonyeza. Katibu wao alikuwa na safu ya siri ya magonjwa, ili mwenye kifua apangiwe zamu ya mchana, asipigwe na baridi. Nia njema kabisa. Ukuta wao ukasoma magonjwa ya bonde zima siku ya mnada. Mpaka leo kuna watu hawasalimiani."

Kidole cha Nakijwa kilikuwa tayari kwenye kitufe. Alifikiria majani yale ya manjano, na kesho, na bonde zima limesimama uwanjani likisoma. Akauondoa mkono.

"Shemeji yako," alisema, "hakushangaa maji kuzidi?"

Lukindo aliinuka, akapangusa suruali isiyokuwa na vumbi. "Nani huuliza mvua imetoka wapi, dada?"

Shemeji hakuiba, basi. Alinywa tu na kunyamaza. Nakijwa hakuona tofauti kubwa.

*

Nyumbani mama yake alikuwa ameivisha makande. Walikula barazani wawili tu, wadogo zake wakiwa shuleni, bakuli magotini, na Nakijwa alieleza yote kwa sauti ya hasira. Mama alisikiliza bila kumkatiza. Alipoinua mkono kumwongezea, Nakijwa aliona malengelenge kwenye kiganja, mstari mmoja mwekundu kuvuka vidole vyote.

"Mkono huo umefanya nini, mama?"

"Kuni."

Nyumba ile haikuwa na jiko la kuni. Nakijwa aliutazama mkono, akamtazama mama, na mama akaukunja. Angeuliza zaidi, lakini siku ile alikuwa na mtu mwingine wa kumtilia shaka, na shaka ya mtu mzima haigawanyiki vizuri.

Shamba lao liliitwa Kisiki cha Mvule, na liliandikwa kwa jina la baba, Elinihaki. Kiapo cha mkuu wa kurasa kilimkataza kuutazama mstari wa nyumba yake, na Nakijwa alikitii kiapo hicho kuliko vyote, maana hasira ilimsaidia. Baba alikwenda pwani, kwenye migodi iliyo chini ya bahari, akaandika miezi ya mwanzo, kisha akanyamaza. Nakijwa alijua maana ya mwanamume kunyamaza pwani. Kichwani mwake alishampa mke huko, na watoto, na nyumba ya ghorofa. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba mama hakuwahi kusema neno moja baya juu yake.

"Jioni nakwenda kwa Mbazi," alisema. "Ataeleza leo."

"Usiende kwa Mbazi na maneno makali."

"Kwa nini?"

"Ni mzee."

"Wezi nao huzeeka, mama."

Mama aliweka kijiko chini. Alitaka kusema jambo. Kisha akasema, "Kula makande yako, yanapoa."

*

Mzee Mbazi alikuwa mgongoni mwa mlima, anashona wavu wa ukungu uliopasuka. Matone yalimdondokea kofiani na mabegani, naye hakuyajali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti Elinihaki. Shika ncha hiyo, inanikimbia."

Aliishika. Ni vigumu kumshitaki mtu huku umemshikia wavu, na Nakijwa alishuku kwamba mzee alilijua hilo.

"Umeificha mistari ya wafiwa."

"Sikuificha. Niliifunika."

"Mwizi naye hufunika."

Sindano ilisimama. Mzee alimtazama bila hasira. "Wewe umekulia kwenye vyuo, si kosa lako. Mtu akifa, jina lake halitajwi ndivani mpaka matanga yaondolewe. Enzi za baragumu, mwita zamu alilipita jina la marehemu kimya, akanyoosha mkono tu kuelekea shamba, na maji yakaenda. Maji hayana msiba. Lilipokuja jedwali nikajiuliza, nitalipita vipi jina kimya? Nikaukunja mstari. Jicho la mtu halioni, lango linaona. Nimemfunika Kiondo kama nilivyowafunika wote."

"Lango halioni, mzee."

"Linasoma kwangu."

"Lilikuwa linasoma kwako. Tangu Chekeche lije, linasoma ukurasa uliochujwa tu. Ulichokunja hakifiki."

Upepo ulisukuma ukungu katikati yao. Ulipopita, uso wa mzee ulikuwa umebadilika.

"Nimewanyima maji wafiwa?"

Nakijwa alikuwa amejiandaa kwa uongo, kwa ukali, hata kwa machozi. Kwa swali lile hakuwa amejiandaa. Lakini shaka ikishazoea kukaa haiondoki kwa neno moja. Aliona jinsi lile swali lilivyokuja vizuri, akajiambia, huyu ni mzee, amejua kusema tangu mimi sijazaliwa.

"Basi funua," alisema.

"Jina la Kiondo lisomwe Ukutani na mjane bado ana kitambaa? Kwa mkono wangu?"

"Usiandike jina. Lango linataka shamba na zamu, jina ni letu sisi watu. Penye jina andika neno moja: limefunikwa. Neno hilo Chekeche litalichukua, maana litakuwa limeandikwa waziwazi."

Mzee alishona mishono kadhaa. "Ni akili," alisema hatimaye. "Kwa Kiondo ni sawa. Msiba wake tumeulia wote. Lakini nikifanya kwa mmoja itabidi nifanye kwa wote, au nitakuwa mwizi kweli."

"Kwa wote."

"Wapo waliofunikwa zamani. Asiyezikwa, matanga yake hayaondolewi."

"Akina nani?"

"Ningekutajia, ningekuwa nimewafunika nini?"

"Mzee, Bi Namkunda anapoteza mbegu kesho. Unaniomba nimwache akauke kwa ajili ya siri zako."

"Si zangu zote. Nyingine nimeombwa." Alimtazama tena, na safari hii kulikuwa na kitu machoni ambacho Nakijwa alikiona kuwa ujanja. "Binti Elinihaki, mara nyingine mtu hufunikiwa kitu kwa faida yake mwenyewe. Fikiri kwanza."

"Unanitisha?"

Mzee alikata uzi kwa meno. "Nitaandika," alisema. "Leo hii, kabla giza halijaingia. Mkono wangu unaishia pale wako unapoanza. Kuchuja ni kwako."

Nakijwa aliteremka mlima kwa haraka, kama mtu aliyeshinda kesi bila kuuona ushahidi. Alinitisha, alijiambia njia nzima. Mtu asiye na hatia hatishi.

*

Asubuhi alifungua ofisi kabla jua halijagusa kilele. Juu kwenye Mwanya wa Juu, Bi Namkunda alikuwa tayari langoni, amesema hatauondoa mkono mpaka kieleweke. Nje, Mzee Mbazi alikuwa ameketi kwenye benchi la uwanjani, kofia magotini. Kisheria hakuruhusiwa kuingia, naye hakujaribu.

Chekeche lilinguruma kidogo, likatoa rasimu.

*Mwanya wa Juu. Limefunikwa. Zamu ya asubuhi.*

*Jiwe la Nyuki. Limefunikwa. Zamu ya jioni.*

Nakijwa alishusha pumzi. Ilikuwa rahisi hivyo. Aliendelea kusoma, akitafuta ile hila aliyoitegemea, shamba hewa la mzee mwenyewe, au la mpwa wake. Hakuiona. Alipofika kwenye fungu la ukoo wake aligeuza uso kama kawaida ya kiapo. Lakini neno lile lilikuwa refu kuliko jina lolote, na jicho lilishalinasa kabla hajaliondoa.

*Kisiki cha Mvule. Limefunikwa. Zamu ya asubuhi.*

Alilisoma mara ya kwanza kama kosa. Mara ya pili kama kisasi, kwamba mzee amemlipa kwa maneno ya jana. Kisha akaukumbuka mkono wa mama, ule mstari mwekundu kuvuka vidole. Ule ni mpini wa ndoo. Lango lilikuwa limemkataa mama tangu siku ile ile lilipowekwa Chekeche, na mama alielewa mara moja kwa nini, na badala ya kuja ofisini kuuliza alichukua ndoo.

Hufunikwa shamba la aliyekufa. Hakuna jingine linalofunikwa.

Chini ya rasimu, Chekeche lilikuwa linasubiri: *Nibandike?*

Alitoka nje. Mzee Mbazi hakuinua macho.

"Tangu lini?"

"Tangu mgodi ulipojaa maji. Habari ililetwa kwangu, kwa kuwa alikuwa ameandikisha jina la shamba kama anwani yake. Nikampelekea mama yako. Alisema watoto wasiambiwe mpaka mwili upatikane, tumzike, tulie mara moja kama watu. Haukupatikana." Aligeuzageuza kofia. "Nilikuwa nikikuona unavyolipita fungu lenu Ukutani bila kulitazama, nikasema labda ni afadhali hivyo."

"Nimemtukana, mzee. Miaka yote hii nimemtukana."

"Najua. Mama yako alikuwa akinisimulia, na hakulia kwa kufiwa kama alivyolia kwa hilo."

Kwenye kilele mwanga ulikuwa umeanza kuwa mweupe.

"Ufute mstari ule ukitaka," alisema mzee taratibu. "Huo mmoja. Mimi sitasema, na Lukindo hawezi kujua. Mwanya wa Juu utapata maji yake. Mama yako ataendelea na ndoo, ameshazoea. Wadogo zako wataendelea kusubiri barua. Mtu anaweza kuishi hivyo."

Nakijwa aliutazama Ukuta, bado una ukurasa wa jana, msafi, umezibana nafasi zake zote. Jana alikuwa amesema *kwa wote* kwa wepesi sana. Alikuwa akizungumzia wafu wa watu wengine.

Angeufuta, nani angemlaumu? Lakini mkono ambao ungefuta ungekuwa mkono unaoandika, na kesho yake, wakati Bi Namkunda mwingine anaingia kuuliza kama amekufa, angemjibu kwa uso gani?

"Mkono wangu hauandiki, mzee," alisema.

Akaingia ndani, akabandika.

*

Malango yalisoma. Kutoka uwanjani waliyasikia, moja baada ya jingine juu ya mlima, yale mabati yakiinuka. Simu ya Nakijwa ililia, na sauti ya Bi Namkunda ikatoka kwa kelele: "Limefunguka, mwanangu! Msichana wa bati kakubali! Maji yananifika..." Kisha ikakatika, labda kwa kuwa simu ilikuwa imetumbukia.

Nakijwa hakupiga tena. Alipanda njia ya Kisiki cha Mvule.

Mama alikuwa langoni kwao, ndoo mkononi. Huenda alikuja kuteka kwenye mfereji wa jirani kama siku zote, huenda hakuwa ameweka hata kiganja. Lango lilikuwa limejifungua lenyewe, kwa kuwa ilikuwa zamu yake na shamba lilikuwepo. Maji yalikuwa yanaingia kwenye mifereji ya kwanza, yanasukuma majani makavu mbele yake. Mama hakuyatazama. Alimtazama mwanawe anavyokuja, na jinsi alivyokuja ilimtosha.

"Umesoma," alisema.

"Nimesoma, mama."

Ndoo ilishuka. Mama aliigeuza juu chini, akaikalia, akafungua kanga ya mabegani na kuitandaza udongoni kwa ajili ya Nakijwa. Nakijwa akakaa. Maji yalizunguka kisiki chenyewe, yakagawanyika mara mbili, yakaendelea.

Sauti za watu ndizo zilizowafanya wageuke. Njia ya kutoka uwanjani ilikuwa imejaa. Walikuwa wamesoma Ukuta, na kila mtu wa Nkwini alijua maana ya neno lile. Walibeba mikeka, sufuria, mikungu ya ndizi. Mmoja alikuwa amebeba turubai la kivuli begani. Mzee Mbazi alikuwa nyuma kabisa, anapanda polepole. Shemeji wa Lukindo naye alikuwepo, na gunia la maparachichi, hamtazami mtu.

Mbele ya wote alitangulia Bi Namkunda, kitambaa cheusi kichwani, matope mpaka magotini, anahema. Alifika, akamtazama mama, akamtazama binti.

"Sogea, mwanangu," alimwambia Nakijwa, akikaa kwenye kanga. "Mlikuwa mnalia peke yenu namna hii, mmetuona sisi hatupo?"